Aliyelia Jandoni

Jumatano, tarehe 16 Machi 1994, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mvua kubwa ikiwa imekatika ghafla na mabati ya chumba cha mihadhara namba tatu yakiendelea kudondosha maji, niliwaamuru watu ishirini na wanne wafumbe macho. Wote walifumba. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Ushirika wa Wakristo wa chuo chetu cha ualimu, pale Masasi: uchaguzi ufanyike kwa mikono, macho yakiwa yamefumbwa kama kwenye sala, ili pasiwe na mtu wa kumwogopa mwingine. Mwenyekiti peke yake ndiye anayebaki amefumbua macho, ahesabu.

Utaratibu huo niliutunga mwenyewe mwaka 1983, mwaka nilipoanzisha Ushirika. Wala sikuwahi kuuona kuwa na kasoro, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja jina lililopigiwa kura lilikuwa moja tu, nalo ni la mwenyekiti. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, Ushirika wa vyuo na shule za kusini hukutana Newala, na kila chuo au shule hupeleka msemaji wake kutoa ushuhuda. Msemaji wetu nilikuwa mimi, Mwalimu Yeremia Nahembe, mkufunzi wa Hisabati. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na mwaka uliofuata nilipaswa kustaafu. Hii ingekuwa Newala yangu ya mwisho.

Lakini alasiri ile Mama Glory, yaani Oliva wa maktaba, alikuwa amesimama na kutaja jina la pili.

"Wanaomtaka Mwalimu Nahembe wanyooshe," nilisema.

Mikono sita. Mmoja wao ulikuwa wa Silvano mwenyewe, mpishi mkuu, ambaye ndiye aliyetajwa kushindana nami.

"Wanaomtaka ndugu Silvano."

Mikono kumi na saba. Niliitazama mmoja baada ya mwingine. Mwalimu Erasto, kijana niliyemfundisha mimi na kumwombea kazi mimi, alinyoosha mkono kwa nguvu kana kwamba anataka kuruhusiwa kwenda nje. Wakufunzi wanne waliosoma shule ya bweni niliyosoma, wakaimba zaburi nilizoimba, walinyoosha. Na katika safu ya pili ulinyooka mkono wenye saa niliyoinunua Mtwara, mkono wa Mama Isabela, karani wa masjala, ambaye ni mke wangu wa ndoa tangu mwaka 1966. Mtu wa ishirini na nne, Mzee Safari mlinzi, hakumchagua yeyote. Alikuwa amefumba macho kwa ukamilifu mno, akalala.

Hapakuwa na shahidi mwingine. Ningeweza kutamka idadi yoyote. Nilisema, "Sita kwa Nahembe. Kumi na saba kwa Silvano. Fumbueni." Sikudanganya hesabu, na nataka hilo lijulikane kabla sijaeleza mengine, kwa kuwa mengine hayanipambi.

Walipiga makofi. Silvano alikuna kichwa chake chenye mvi.

"Jamani," alisema, "mimi nikienda Newala, Jumamosi hiyo nani atasonga ugali wa wanachuo mia tatu?"

"Tutafunga!" akajibu Erasto, na chumba kizima kikacheka.

Sikucheka. Nilifunga kwa sala, nikafungua kabati, nikatoa vikombe vya chai. Ushirika ulikuwa na seti mbili za vikombe. Vya udongo, vyenye ua la buluu, vilikuwa vya wakufunzi. Vya plastiki vilikuwa vya watumishi. Hakuna aliyewahi kulalamika. Alasiri ile, kama zilivyokuwa alasiri zote tangu Novemba, wakufunzi walikwenda kwenye benchi la nyuma alikokaa Silvano, wakachukua vya plastiki, na vikombe vyangu vya udongo vikabaki mezani vikiwa vimepangwa vizuri, tupu.

Nyumbani nilimuuliza mke wangu moja kwa moja.

"Umemchagua mpishi, Mama Isabela?"

"Nilifumba macho kama ulivyoamuru, Baba Isabela. Uliyefumbua ni wewe. Umeona nini?"

"Nimekuuliza swali."

Aliweka chini ungo wa mchele. "Ndiyo, nimemchagua. Nikimsikia Silvano, najiona bado napendwa na Mungu. Nikikusikia wewe, baba, najiona nimechelewa shule."

Niseme ni nini kilichotokea Novemba.

Silvano alihamia chuoni kwetu mwaka 1991, akitokea jikoni kwa hospitali moja ya misheni. Nilimtambua siku ya kwanza, alipopita na gunia la maharage begani. Naye alinitambua. Alisema, "Habari za asubuhi, Mwalimu," nami nikajibu, "Nzuri," na tukaendelea hivyo kwa miaka miwili, kama watu wawili wasiojuana. Kisha Novemba 1993 zamu ya kutoa ushuhuda ikamfikia. Nilitazamia dakika tano za kigugumizi.

"Akina mama mnisamehe," alianza, mikono yake ikiwa bado na unga. "Kuna mahali ambapo akina baba wanapajua, na mtoto wa kiume akifika pale halii. Basi, mimi ndiye niliyelia."

Watu walicheka kabla hawajajua kama wanaruhusiwa.

"Ulilia kweli, Baba Dominika," aliuliza Mzee Safari, "au ulipiga chafya?"

"Nililia, Mzee, mpaka mpiga ngoma akapoteza mapigo. Nilipotoka nikapewa jina ambalo hata mbuzi angelikataa. Wenzangu wote majina ya mababu zao; mimi, Kilio. Hadi leo nikipita Lulindi, wazee wananiuliza: Kilio, hujambo? Nawajibu sijambo. Shuleni sikukaa, kwa sababu ya jina hilo. Nikaingia jikoni, maana jikoni macho yakitoka machozi watu wanasema ni moshi." Alisubiri kicheko kiishe. "Nikakaa na jina langu miaka mingi, nikilionea aibu. Siku moja kanisani nikasikia likisomwa lile neno, kwamba Yesu alilia kwenye kaburi la rafiki yake. Nikajiuliza, mbona yeye hawakumbadilishia jina?"

Mama Glory alikuwa anafuta macho kwa pindo la khanga. Erasto, ambaye alikuwa amezoea kutuletea mapambio ya kaseti na kinanda chake cha betri, alikaa bila kugusa kitufe. Na tangu siku ile Ushirika ulihama. Haukuhama chumba, ulihamia benchi la nyuma.

Nilimwita pembeni nikamkemea kwamba mambo ya jandoni hayasemwi mbele ya wanawake. Alinisikiliza, akasema, "Nimesema nililia, Mwalimu. Sikusema nililia nini." Nilikuwa sahihi kuhusu desturi. Lakini si desturi iliyokuwa inaniuma.

Iliyokuwa inaniuma ni kwamba kilio kile kilikuwa changu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1951, karibu na Lulindi. Kumbi letu la jando lilikuwa la Kikristo. Padre alilibariki, nasi tulifundishwa sala pamoja na yale mengine. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Silvano alikuwa kushoto kwangu, bega kwa bega. Ngariba aliponifikia nililia, mara moja, kwa sauti ambayo ngoma haikuweza kuifunika. Mzee msimamizi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akauliza, "Nani huyo?" Nami nikiwa natafuta pumzi ya kujibu, au ya kutojibu, nikaona mkono wa Silvano ukinyooka.

Kwetu mvulana akitoka jandoni huacha jina la utoto na kupewa jina jipya. Babu yangu, katekista, alikuwa ameahidi kwamba nikinyamaza atanipa la kwake. Alinipa. Nahembe ninayoiandika kwenye kila cheti, kila barua ya serikali na ubao wa mlango wangu nilipewa kwa sababu ya ukimya ambao haukuwa wangu.

Mwaka uliofuata tuliingia sote shule ya bweni ya misheni. Nilifanywa kiranja wa bweni. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele, na niliifanya bila upendeleo. Hata binamu yangu alichapwa kwa sababu yangu. Lakini kila jioni, Silvano alipoingia, wavulana thelathini walimlilia kwa sauti za watoto wachanga, na mimi nikiwa na kalamu mkononi sikuandika jina hata moja. Muhula wa pili haukuisha. Alifunga blanketi lake, akaondoka kwa miguu.

Huyo ndiye mtu niliyemwonea wivu. Ninajua jinsi jambo hili linavyosikika. Nilikuwa nimempora jina, nikampora shule, na sasa nilikuwa nikikosa usingizi kwa sababu amepata kitu kimoja kutokana na ule wizi, nami nakitaka hicho pia.

Ijumaa ile, siku mbili baada ya uchaguzi, nilikwenda jikoni. Alikuwa juu ya kigoda, anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko unaolingana na kasia.

"Karibu, Mwalimu. Pole na moshi."

"Silvano, nataka ujitoe."

"Newala?"

"Kule wanakuja wakuu wa vyuo, mapadre, watu wenye shahada. Utawachekesha, watasema chuo chetu kimetuma kichekesho."

Alikoroga mzunguko mzima kabla ya kujibu. "Mimi nilikupigia kura wewe. Ulinihesabu?"

"Nilikuhesabu."

"Basi mimi nimemaliza. Waliobaki ni wale kumi na saba. Waambie wao."

Ndipo nikasema neno ambalo sikuwa nimepanga kulisema. "Kile kilio si chako."

Msaidizi wake, Priska, alikuwa nje akichambua mchicha. Silvano alitazama mlangoni, akashuka kigodani, akasimama mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka arobaini na mitatu kulitaja jambo lile baina yetu.

"Si changu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nimekilea mimi, Yeremia. Nimekivisha, nimekilisha, nimekipeleka kanisani. Wewe ulikizaa ukakiacha pale pale chini. Leo kimekuwa mtu mzima, watu wanakisalimia, ndiyo unakuja kudai?"

Alirudi kigodani, akaushika tena mwiko.

"Ukitaka nisiseme Newala, niambie nisiseme. Nitasimama niimbe wimbo, nikae. Lakini uniambie sababu kwa mdomo wako."

"Sema utakavyo," nilimjibu, nikatoka. Kiburi changu hakikuniruhusu kumwomba hata ukimya. Ukimya wake nilikuwa nimekwisha kuuchukua mara moja, kumbini.

Jumamosi, tarehe 9 Aprili, tulipanda Newala. Mfanyabiashara mmoja wa Tandahimba, ambaye tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho alikuwa amepata malori mawili, alitupa moja bure. Wakufunzi na watumishi tulikaa pamoja juu ya magunia matupu, na Erasto alipakata kinanda chake kama mgonjwa. Tulipomaliza mlima, ukungu wa juu ulitupokea. Tuliowacheka wenzetu kwa kubeba makoti tuliyakodolea macho makoti yao. Silvano alikuwa amevaa koti la suti la mtumba, refu la mikono.

"Baba Dominika," mke wangu alimtania, "mwenye koti hilo alikuwa na mikono mingapi?"

"Miwili, mama, lakini alikuwa anachuma korosho bila ngazi."

Mke wangu alicheka mpaka akajishika kwenye bega langu. Bega langu lilikuwa gogo.

Kanisa lilijaa. Niliwakadiria watu mia mbili. Kwa kuwa nilikuwa mwenyekiti, niliachiwa kazi moja: msemaji wetu akimaliza, nisimame nimshukuru kwa niaba ya chuo. Nilikuwa nimeandika sentensi nne kwenye karatasi.

Silvano alisema yale yale. Akina mama mnisamehe, mahali ambapo akina baba wanapajua, mbuzi angelikataa, moshi wa jikoni. Lakini alipofika kwenye kaburi la rafiki, mkuu wa chuo kimoja, mtu mwenye shahada mbili na sura ya jiwe, alivua miwani akajifuta. Bibi mmoja wa Newala aliyekaa mbele alisema kwa sauti, "Mwanangu, pole," kana kwamba Silvano ametoka kumbini asubuhi ile. Pole ile ilinichoma. Mwaka 1951 hapakuwa na mtu aliyeniambia pole, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa niliumia. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele, nimevaa tai, nikiona pole yangu ikipewa mtu mwingine mbele ya watu mia mbili.

Nilisimama. Niliikunja karatasi.

"Wapendwa katika Bwana," nilisema, "ndugu Silvano amewadanganya."

Kanisa liligeuka kama mtu mmoja. Nilimwona mke wangu akifumba macho, na safari hii hakuna aliyemwamuru.

"Amewadanganya kwamba yeye ndiye aliyelia. Tulikuwa bega kwa bega. Aliyelia ni mimi. Mzee alipouliza, yeye akanyoosha mkono, nami nikanyamaza. Jina ninaloitwa nilipewa kwa sababu yake. Shuleni walipomzomea nilikuwa kiranja wake, na sikuwaandika. Aliacha shule kwa sababu yangu. Kilio kile ni changu."

Nilikaa.

Nitasema kweli kuhusu nilichotarajia. Sikuwa nimesukumwa na toba peke yake. Nilitazamia kwamba nikikichukua kilio changu, na yale mapenzi yangekuja nacho. Kwamba yule bibi angenigeukia mimi na pole yake. Hakunigeukia. Watu waliinuka, safu kwa safu, wakamwendea Silvano. Mkuu wa chuo mwenye shahada mbili alimkumbatia na lile koti lake refu. Mama Glory alikuwa analia waziwazi. Erasto alisahau kinanda. Walichokuwa wakimpa kabla sijasema, sasa walimpa maradufu. Mimi nilibaki kwenye safu ya mbele na tai yangu, na nafasi tupu kila upande, mpaka Mama Isabela alipokuja akakaa. Aliniwekea mkono wenye saa juu ya goti.

Baada ya ibada chai iligawiwa nje, kwenye ukungu. Nilimwacha mke wangu, nikaenda kwenye meza, nikachukua vikombe viwili vya plastiki, nikampelekea kimoja Silvano. Alikuwa amejitenga kidogo ukutani, amechoka kukumbatiwa.

"Umeniharibia hadithi, Yeremia," alisema, akikipokea. "Mwaka kesho nitawaambia nini hawa?"

"Kwa nini ulinyoosha mkono?"

Alipuliza chai. "Unauliza leo?"

"Nauliza leo."

"Babu yako alikuwa nje. Nilimwona tulipokuwa tunaingizwa, ameshika fimbo, amevaa kanzu ya Jumapili, anakusubiri na jina lake. Mimi nje sikuwa na mtu. Baba amekufa, babu amekufa. Nikaona, huyu akiaibika yupo wa kuaibika naye. Mimi nikiaibika ni mimi tu. Basi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hafikirii zaidi ya hapo."

"Jina ni lako, basi. Nikirudi nitalifuta mlangoni."

"Usinichekeshe, chai itanipalia. Nikiitwa Nahembe uzeeni hivi, wanachuo watajuaje kwamba chakula kiko tayari? Kaa nalo, limekwisha kuzoea mashati yako."

Tulikunywa. Ukungu ulikuwa unaingia ndani ya vikombe.

"Umesema kwa sababu ilikuuma kuona wananipenda," alisema.

Nilifikiri kukana. "Ndiyo."

"Kumbe! Ningejua hivyo ningejipendekeza kwao mapema." Alicheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka. Alinitazama kama mtu anayepima chumvi.

"Nilikuwa nakudai," alisema. "Si jina wala shule. Nilikuwa nakudai useme, mbele ya watu, nikiwepo nasikia."

"Nimesema."

"Umesema. Wivu au si wivu, nimesikia kwa masikio yangu, na mke wako amesikia." Alimimina machicha ya chai kwenye majani, akanirudishia kikombe. "Umelipa, Mwalimu. Sikudai tena."